Orodha Iliyopotea: Kuitazama Sarafina! Kwenye Nchi ya Chai

Mara ya kwanza kuitazama Sarafina! sikuimaliza. Ilikuwa Jumamosi ya muhula wa pili, mwaka 2008, kwenye ukumbi wa kulia wa shule moja ya bweni ya wavulana huko Bomet, mahali ambapo ukifungua dirisha unaona chai, ukifungua la upande wa pili unaona chai tena. Nilikuwa kidato cha pili. Televisheni ilifungiwa ndani ya kizimba cha chuma kama mahabusu. Tulikuwa tumebanana juu ya meza, wengine mabegani mwa wenzao, na mvua ya jioni iligonga mabati mpaka ikawa unasoma midomo ya waigizaji badala ya kuwasikia.

Tuliita hiyo saa enta. Ndiyo tuliyokuwa tukiingojea wiki nzima.

Filamu ilipofika pale wanafunzi wanapokabiliana na wanajeshi, ukumbi mzima ulinyamaza. Si kawaida kwa wavulana mia nne kunyamaza. Nadhani ni huo ukimya uliomfanya mwalimu wa zamu ainue kichwa kutoka kwenye gazeti lake. Alitazama kioo kwa dakika moja hivi, akaja mbele, akafungua kizimba, akatoa diski. Akasema hiyo si filamu ya shule. Halafu akatuwekea Commando ya Schwarzenegger, ambamo watu wanauawa kama nzi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hiyo haikuwa na shida.

Wiki mbili baadaye tuligoma.

Sitaki kusema filamu ndiyo ilisababisha. Hilo ndilo jibu rahisi ambalo wakubwa hupenda: mara ni filamu, mara ni simu, mara ni bangi, mara ni uchochezi kutoka nje. Sababu zetu zilikuwepo kabla ya diski ile, na tuliziandika. Mimi ndiye niliyeziandika. Ile karatasi ndiyo ninayotaka kuizungumzia, lakini kwanza turudi kwenye filamu, maana naona tumeionea.

Sarafina! ilitoka mwaka 1992, ikaongozwa na Darrell Roodt. Ilitokana na mchezo wa jukwaani wa Mbongeni Ngema, ulioanza kuonyeshwa Johannesburg mwaka 1987 na kufika Broadway, New York, mwaka uliofuata. Leleti Khumalo ni Sarafina, msichana wa shule Soweto. Whoopi Goldberg ni Mary Masombuka, mwalimu wa historia anayefundisha mambo ambayo serikali ya ubaguzi wa rangi haikuyaweka kwenye silabasi, na anayekamatwa kwa sababu hiyo asirudi tena darasani. Miriam Makeba, ndiyo, Mama Afrika mwenyewe, ni mama yake Sarafina, mfanyakazi wa ndani kwenye nyumba ya wazungu.

Nyuma ya hadithi hiyo kuna historia ya kweli. Sheria ya Elimu ya Wabantu ya mwaka 1953 ilikuwa imepangwa ili mtoto mweusi asome kiasi cha kumtosha kutumikia tu. Baadaye serikali ikaamuru masomo kadhaa, hisabati ikiwemo, yafundishwe kwa Kiafrikana. Fikiria unafundishwa hesabu kwa lugha usiyoielewa, na mwalimu wako mwenyewe anahangaika nayo. Tarehe 16 Juni 1976 maelfu ya wanafunzi wa Soweto waliandamana kuikataa amri hiyo. Polisi wakawapiga risasi. Picha ya Sam Nzima ya kijana aliyembeba Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12, ilizunguka dunia nzima. Ghasia zilipotulia baada ya miezi, waliokufa walikuwa mamia.

Sasa, Kenya hii, ni nani hajui nyimbo za Sarafina!? Tumezichezea kwenye sherehe za kufunga shule, kwaya zimeziimba, watoto wa chekechea wamezirukia. Na hapo ndipo tulipoionea. Tumeifanya kuwa filamu ya kudensi. Ukimuuliza mtu inahusu nini, atakuonyesha hatua za miguu. Wachache watakwambia kwamba ni tamthilia nzito kuhusu swali moja: mwanafunzi akisema jambo la haki na hakuna anayemsikiliza, nini kinafuata? Filamu yenyewe haikwepi jibu. Watoto wale wale tunaowapenda wanamchoma moto askari mweusi mpaka anakufa, na wewe mtazamaji unabaki na maiti hiyo mikononi. Haikuambii wamefanya vyema. Inakuonyesha njia iliyowafikisha hapo, hatua kwa hatua.

Njia hiyo ndiyo ambayo hatuiandiki kwetu. Tunaandika moto, hatuandiki kilichoombwa.

Chukua Maseno. Shule ilianzishwa na wamishonari Waanglikana mwaka 1906, na wengi wa wanafunzi wa kwanza walikuwa watoto wa machifu. Mwaka 1908, yaani hata miaka mitatu haijatimia, wakagoma. Walichoka kufanyishwa kazi za mikono wakati walikuja kusoma. Walitaka kuandika, kusoma na hesabu zaidi, jembe kidogo. Kwa hiyo mgomo wa shule Kenya una zaidi ya karne moja. Wanaosema ni ugonjwa wa kizazi cha simu wana kazi ya kueleza nani alikuwa na simu Maseno mwaka 1908.

Au Makerere, 1952. Wanafunzi waligoma kwa sababu ya chakula. Chakula tu, utasema. Lakini chuo kile ndicho kilikuwa cha kupika viongozi wa Afrika Mashariki yote, na kijana aliyetoka Kenya, Uganda au Tanganyika akapewa sahani ya dharau alielewa vizuri alichokuwa akiambiwa. Abu Mayanja alifukuzwa kwa kuongoza mgomo huo. Hakupotea: mwaka huohuo akawa katibu mkuu wa kwanza wa Uganda National Congress, kisha akaenda kusoma Cambridge. Josephat Karanja, aliyekuja kuwa makamu wa rais wa Kenya, naye alitimuliwa Makerere enzi hizo. Ukiwa mtoto wa bweni utaelewa kwa nini mambo haya huanzia jikoni. Chakula ndicho kipimo cha kila siku cha jinsi unavyohesabiwa. Uji wenye wadudu ni barua.

Kwetu kwenye chai, barua za namna hiyo zilianza zamani. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni iligawa ardhi ya Kericho kwa maafisa wa Uingereza waliojeruhiwa vitani ili walime kitani. Mradi ukafa. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni kama Brooke Bond na James Finlay zikaingia na chai. Chai inataka mikono mingi, na mikono mingi iliyopatikana kwa bei rahisi ilikuwa ya watoto. Kufikia miaka ya 1930 jambo hilo lilikuwa limeleta kelele. Padri mmoja wa Kianglikana aliyefanya kazi Nyanza, W. E. Owen, alilipigia kelele hadi Uingereza, na mwaka 1938 serikali ya koloni ikaunda kamati ya kuchunguza ajira ya watoto.

Kogo wangu, yaani nyanya yangu mzaa baba, alikuwa mmoja wa watoto wa chai wa baadaye kidogo. Alichuma majani kwenye shamba la kampuni kabla hajavunja ungo. Niliporudishwa nyumbani baada ya mgomo wetu, alinikuta nimeketi nje nikimwogopa baba. Sikupigwa mahubiri. Aliniuliza tu tulikuwa tunataka nini. Nikaanza kumtajia. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sisi hatukuwa hata na shule ya kugomea." Sijawahi kujua kama alikuwa ananikemea au ananionea wivu. Nafikiri yote mawili.

Hayo yote nayasema nikijua upande wa pili. Sina nia ya kuupamba mgomo. Julai 1991, shule ya St. Kizito huko Meru, wavulana waligoma na wasichana wakakataa kujiunga nao. Usiku wavulana wakavamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walikufa, na wengine wengi walibakwa. Mtu asikudanganye kwamba kila umati wa wanafunzi una haki kwa sababu tu ni wanafunzi. Machi 1998, Bombolulu, Pwani, wasichana 26 waliteketea. Machi 2001, Kyanguli, Machakos, wavulana 67. Milango ilikuwa imefungwa, madirisha yana vyuma. Baada ya Kyanguli serikali iliunda jopo la kuchunguza vurugu shuleni, na mwaka huohuo ikafuta kanuni iliyoruhusu viboko. Mwaka 2008, miaka saba baadaye, mimi bado nilikuwa nachapwa, na madirisha ya bweni letu bado yalikuwa na vyuma.

Hiyo ilikuwa nambari mbili kwenye orodha yetu.

Basi tuseme kuhusu hiyo orodha. Muhula ule shule nyingi nchini zilikuwa zinagoma, redio ilikuwa inataja mpya kila siku, na sisi tulijiambia kwamba yetu haitakuwa ya moto. Tulikutana vyooni baada ya prepo, watu kama kumi. Mimi nilichaguliwa kuandika kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri. Sikuwa na daftari, kwa hiyo niliyekuwa naketi naye dawati moja alichana karatasi katikati ya lake la jiografia akanipa. Nikaandika, kwa adabu zote, "Kwa Mwalimu Mkuu, Yah: Maombi ya Wanafunzi." Maombi, si madai. Tulikuwa tumefundishwa hivyo.

Alfajiri hatukuingia kwenye uji. Tuliketi uwanjani, kwenye umande, kimya. Kapteni wa shule alipeleka karatasi ofisini. Tulikaa mpaka saa nne. Hakuna aliyetoka kuja kuzungumza nasi. Mvua ya mawe ikaja, ile ya kwetu inayotoboa majani ya chai mpaka wakulima wanalia, na hatukuondoka. Saa saba wakaja polisi wa utawala. Usiku, wale ambao mchana walikuwa wameketi kimya walirusha mawe. Madirisha ya maabara yote yakaisha. Sikurusha, lakini pia sikumshika mtu mkono.

Tulifungiwa wiki tatu. Tuliporudi na wazazi, kila mmoja alilipa vioo. Orodha haikutajwa na yeyote. Ilitajwa karatasi tu: walikuwa wameilinganisha na madaftari, kurasa za katikati, na wakapata ile ya jiografia iliyokosa ukurasa wake. Mwenye daftari akaulizwa kama ndiye aliyeandika. Mwandiko haukuwa wake, mtu yeyote angeona, lakini hakuna aliyekuwa akitafuta mwandiko. Walihitaji jina. Alikaa kimya. Mimi nilikuwa nimeketi mstari wa nyuma yake na mama yangu kando yangu, na mama alikuwa amevaa ile sweta yake ya kwenda kanisani, na nikanyamaza pia.

Alifukuzwa siku ile. Alibeba godoro lake kichwani hadi barabarani.

Kila mwaka tarehe 16 Juni tunaadhimisha Siku ya Mtoto wa Afrika. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ndio uliianzisha, na ikaanza kuadhimishwa mwaka 1991, kwa kumbukumbu ya Soweto. Nimewahi kusimama kwenye sherehe hizo nikiwa mdogo, soksi zimevutwa, nikikariri shairi mbele ya wageni waheshimiwa. Hakuna aliyetuambia kwamba tunaadhimisha mgomo wa wanafunzi. Tulipewa soda na mkate.

Na usidhani mambo hayo ni ya zamani. Aprili 2025, wasichana wa Butere walipofika Nakuru kwenye tamasha la kitaifa la drama na mchezo wao Echoes of War, mahakama ilikuwa tayari imeamuru waruhusiwe kuigiza. Mwandishi wao, Cleophas Malala, akakamatwa. Waliingia jukwaani, wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza. Nje kulikuwa na vitoa machozi. Ukitaka kuona Sarafina! ya Kenya, huo ndio mchezo uliochezwa bila kuchezwa.

Septemba mwaka huohuo, Litein, hapo hapo kwetu Kericho, ukatokea mgomo mkubwa kwenye shule ya wavulana. Mali ikaharibiwa vibaya, shule ikafungwa, wazazi wakaambiwa kila mmoja alipe shilingi 49,699, kesi ikafika Mahakama Kuu ya Kericho. Mtandaoni kelele zilikuwa mbili: ile bei, na kwamba eti vijana walikasirika kwa kunyimwa mechi ya Arsenal na Manchester City. Tulicheka sana. Mimi pia nilicheka, nikatuma meme kwenye grupu mbili. Usiku ndipo nilipojiuliza: wavulana 1,400 hawawezi kuwa na jambo moja tu la kusema. Kwa nini naijua bei hadi shilingi ya mwisho, na silijui ombi lao hata moja?

Usiku huo nikaitafuta Sarafina! kwenye simu, nikaitazama mpaka mwisho. Miaka 17 baadaye.

Nilikosa nini siku ile ukumbini? Nilimkosa mama. Mwanzoni Sarafina anamwonea mama yake aibu: anafagia nyumba za wazungu, anainamisha kichwa, hapigani. Baada ya kukamatwa na kuteswa, anaenda kumwona, na safari hii anamtazama tofauti. Anaelewa kwamba yule aliyevumilia ili watoto wale, naye alikuwa anapigana. Makeba hana maneno mengi kwenye filamu hii. Hayahitaji. Nilimkumbuka mama yangu na ile sweta, pale ofisini, akihesabu pesa za vioo. Alikuwa amekopa akitegemea bonasi ya chai. Kwetu karo haina tarehe za Wizara. Ina tarehe ya bonasi, na bonasi huja Oktoba.

Nikaamua kuiandika upya ile orodha. Nilikumbuka mambo matano. Moja, maharagwe yachambuliwe dumuzi kabla ya kupikwa. Mbili, vyuma vya madirisha ya bweni vitolewe, au mlango usifungwe kwa nje usiku. Tatu, viboko viishe. Nne, maji ya kuoga angalau siku tatu kwa wiki. Tano, tuwe na mkutano mmoja kila muhula ambapo tunaweza kusema bila kuandikwa majina.

Soma tena. Hakuna la kuchoma shule hapo. Ukiondoa tarehe, Maseno wangeelewa, na Makerere pia.

Lakini nilikuwa na hakika yalikuwa sita. Kwa hiyo nikamtafuta mwenye daftari. Haikuwa vigumu, nambari yake ilikuwa kwa binamu yangu muda wote. Alimalizia shule kwingine, miaka miwili nyuma yetu. Sasa ana pikipiki mbili na kipande cha chai upande wa Konoin. Ilikuwa Oktoba, na bonasi ya upande wetu ilikuwa imetoka ndogo, wakulima wamechacha.

"Wee, leo umenikumbuka?" akasema.

Nikamwambia nilichopaswa kumwambia mwaka 2008. Akanyamaza kidogo, kisha akasema alijua mwandiko ni wangu, si alikuwa ameketi pale nikiandika. Akasema kama ningesimama tungefukuzwa wawili badala ya mmoja, na mama yangu je? Sikujua la kujibu, na yeye hakunisaidia kutafuta.

Nikamuuliza kuhusu orodha. Akayataja matano bila kusita, kwa mpangilio. Halafu akataja la sita.

"Wasiolipa karo wasitolewe darasani kabla ya bonasi kuingia."

Kwetu karo ilikuwa imelipwa muhula ule. Ya kwao haikuwa. Hilo la sita alikuwa amelisema yeye, kule vyooni, na mimi nikaliandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwenye karatasi yake, nikalisahau.